Kiti cha katani na usumba: nyuzi mbili zisizolegea sawasawa

Mjukuu wa Manamba (Tanga) ameuliza:

Assalaam alaykum, na poleni kwa kazi nyote mnaoishi kwa mikono yenu. Nina swali lenye sehemu mbili, moja ya ufundi na nyingine ya maana, na kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kushindwa kuzitenganisha.

Babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu, kwa Waha, akaja Tanga kukata mkonge, akiwa mmoja wa wale walioitwa manamba kwa sababu kila mtu aliandikishwa kwa namba kabla ya kupelekwa shambani. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Pangani, aliyekulia katika kusokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na mumewe alikuwa na mashua ya kuvulia. Mashua hiyo ililala ufukweni miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki, na ilipofika wakati wa kupasuliwa kuni niliomba wanipe mbao sita na mataruma mawili, yaani zile mbavu za ndani ya mashua. Kwa vitu hivyo nimetengeneza kiti kimoja na sanamu moja. Sanamu ni umbo la mtu lililoning'inizwa: taruma lililopinda ndilo mabega, na kutoka hapo zinashuka singa za katani, yaani nyuzi za mkonge, nilizozifumua kutoka kwenye kamba kuukuu, ndefu hadi kugusa sakafu. Kiti nacho nimekiwamba nusu kwa katani na nusu kwa usumba, upande wa kulia wa babu na upande wa kushoto wa bibi.

Tatizo la kwanza ni kwamba kiti hakikukaa sawa. Baada ya wiki mbili za kukaliwa, upande wa usumba ulikuwa umebonyea kama kitanda cha zamani ilhali upande wa katani umebaki umekazika vilevile, na anayekaa anajikuta ameinamia kushoto. Nimekaza mara mbili na mara mbili umelegea.

Tatizo la pili lilinipata nilipopeleka kazi hizi kwenye maonyesho madogo. Wengi walikitazama kiti wakaniuliza kama ninauzia hoteli. Mtu mmoja alisimama mbele ya sanamu, akaniuliza jina la ukoo, na nilipomtajia akasema kwamba Muha hana habari na mashua, na kwamba ningetafuta kitu cha kwetu. Sikuwa na jibu, kwa sababu nilizaliwa Tanga, sijawahi kufika Kasulu, na harufu ya singa zinazoanikwa juani nyuma ya korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ndiyo harufu ya utoto wangu. Baada ya siku ile nilifikiria kuchonga maua ya pwani kwenye mgongo wa kiti na kuandika majina ya koo zote mbili, ili mtazamaji asiwe na shaka. Je, nifanye hivyo? Na kile kiti nikiwambe vipi?

---

Fundi wa Majahazi (Lamu) amejibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nitaanza na kiti, kwa sababu kiti kinachomwangusha mtu hakiwezi kusikilizwa hata kama kina maneno mazuri.

Usumba na katani hazina tabia moja. Usumba huvutika sana kabla ya kukatika, na ukishavutika kwa uzito wa mtu haurudi wote ulipotoka; ndiyo maana vitanda vya kamba hukazwa tena baada ya kulaliwa siku chache. Katani ina nguvu kubwa lakini haivutiki ila kidogo sana. Ulipoziweka ubavu kwa ubavu, kila moja ikibeba uzito wake peke yake, ulizilazimisha zishindane, na mshindi alijulikana kabla hujaanza. Fumua kiti chote. Katani iwe mtande, yaani itoke mbele kwenda nyuma na kubeba uzito, halafu usumba uwe mshindio unaopita juu na chini ya katani kutoka ubavu hadi ubavu. Hapo usumba utalegea kwa kiasi chake, lakini utakuwa umeshikwa na katani kila baada ya upana wa kidole kimoja, na kiti kitabonyea katikati pekee, mahali kinapopaswa kubonyea. Kabla ya kuwamba, ining'inize kamba ya usumba kwa siku saba ikiwa na jiwe zito mwishoni, ili ule ulegevu wa mwanzo uishe. Nyuma ya kiti uache kamba ya kukazia, usiifungie kabisa ndani, maana utaihitaji kila mwaka.

Sasa mbao. Mbao zilizokaa baharini zina chumvi ndani yake, na chumvi hiyo huvuta unyevu kila msimu wa mvua. Zioshe kwa maji matamu mara nyingi, zikaushe kivulini na si juani, kwa miezi na si kwa wiki. Usitie skrubu za kawaida, zitaoza. Pia nakusihi usipige randa mpaka mbao zikawa mpya. Katika mbao za mashua utaona matundu ya misumari, na kila tundu limezungukwa na duara jeusi ambalo kutu imelichora ndani ya mti. Baina ya mbao na mbao huenda bado kuna pamba ya kalafati, ya kuzibia maji, iliyokazwa kwa nyundo na kulowekwa sifa, yaani mafuta ya papa. Ukiona pamba hiyo iache. Aliyeisukuma pale alikuwa na mkono wake, na mkono ule hauwezi kuchongwa upya. Hata mataruma uliyopewa, fundi aliyaona yangali miti: tunatafuta mti uliojipinda wenyewe, hatuupindi sisi.

Jambo moja zaidi kuhusu bibi yako. Kabla majahazi ya misumari hayajaenea, watu wa visiwa vyetu walikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, bila msumari hata mmoja, na vyombo hivyo vilisafiri mwambao huu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Usumba ulifaa kazi hiyo kwa sababu ile ile inayokusumbua: unavutika bila kukatika wimbi linapopiga, na maji ya chumvi hayauozeshi upesi. Kwa hiyo usiutafutie usumba nafasi kwenye makalio ya kiti pekee. Toboa mbao za mgongo kwa keekee, uzishone. Hapo utakuwa umeuweka mahali ambapo hakuna uzi mwingine ungeifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

---

Mwalimu wa Sanaa (Dar es Salaam) amejibu:

Ndugu mwulizaji, namshukuru mzee wa Lamu, nami nitashughulikia swali lako la pili, kwa kuwa nadhani yule aliyekuambia utafute kitu cha kwenu alikosea jambo ambalo historia ya vifaa vyako yenyewe inalieleza.

Chukua mkonge. Mmea huu si wa Tanga wala si wa Afrika. Asili yake ni Meksiko, na uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo 62 yalikua mashamba yaliyoifikisha nchi yetu kwenye takriban tani 230,000 za katani mwaka 1964, mwaka uleule Tanganyika ilipoungana na Zanzibar, na ni mashamba hayo yaliyomvuta babu yako kutoka Kasulu. Kisha zikaja kamba za plastiki, na soko likaanguka. Leo hakuna anayeuliza mkonge ukoo wake, na Tanga bila mkonge haifikiriki. Singa unazozitumia ni karibu asilimia 4 tu ya jani. Kilichobaki chote humwagwa kama maji na makapi nyuma ya korona. Ningekuwa wewe ningeutafakari uwiano huo, kwa sababu babu yako alibeba jani zima.

Kuhusu sanamu yako, hauko peke yako katika njia hiyo. Katika miaka ya 1960 msanii wa Poland, Magdalena Abakanowicz, alikuwa akikusanya kamba kuukuu za katani zilizokuwa zimetumika bandarini, akizifumua, akizitia rangi na kuzifuma kuwa maumbo makubwa yaliyoning'inizwa kutoka darini, ambayo mtazamaji angeweza kuyazunguka na hata kuingia ndani yake. Watu walitaka kujua kama ile ni nguo, ni zulia au ni sanamu, na maumbo hayo yakaishia kupewa jina lililotokana na jina lake. Mwaka 2022 jumba la Tate Modern mjini London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi hizo. Ninayoyapenda kwake ni kwamba hakuzichonga alama za Poland juu ya kamba. Kamba ilibaki na uzito wake, na giza lake lilitosha.

Kwa upande wa kiti, tunacho cha kwetu cha kujifunzia. Kiti cha enzi cha Waswahili, kile cha mpingo kilichopambwa kwa vipande vya mifupa au pembe za ndovu, ambacho alikalishwa mgeni wa heshima, kina mgongo na makalio yaliyofumwa kwa nyuzi. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama umbo lake lilitoka Ureno, India au Misri, lakini mjini Lamu ni kiti cha Lamu. Na Msumbiji kuna kiti kingine ambacho wanafunzi wangu hukitazama kwa kimya. Baada ya vita kumalizika mwaka 1992, Askofu Dinis Sengulane alianzisha mwaka 1995 mpango wa kubadilisha silaha kwa vifaa vya kazi: aliyeleta bunduki aliondoka na jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na mwaka 2001 msanii Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, akaunganisha vipande vyake kuwa kiti cha enzi, ambacho sasa kiko British Museum. Hakuna bunduki hata moja katika kiti kile iliyotengenezwa Msumbiji, na bado hakuna kiti kinachoieleza Msumbiji ya miaka ile waziwazi kuliko hicho.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usichonge maua na usiandike majina. Ukiandika, mtazamaji atasoma maandishi na kuondoka bila kuigusa kamba.

---

Muuza Samani (Mombasa) amejibu:

Nasoma kwa heshima, ila naomba kuongeza neno la sokoni. Mimi huuza samani za mbao za mashua kuukuu, na najua kwamba kuulizwa kuhusu hoteli si tusi: hoteli ndizo zilizozipa mbao hizo bei wakati watu wetu walikuwa wakizichoma. Ukitaka kazi yako isichukuliwe kuwa bidhaa, basi usiionyeshe kama bidhaa. Usiweke viti viwili vinavyofanana, usiweke kadi ya bei juu ya makalio, na ukiweke kiti karibu na sanamu ili mtazamaji aone kwamba taruma lililo mabegani mwa yule mtu limetoka katika chombo kilekile. Ukitaka kuuza, uza kingine.

---

Mama wa Makumbi (Kusini Unguja) amejibu:

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili, nikarudi tena kwenye sentensi unayosema upande wa kushoto ni wa bibi. Umetueleza mbao ulizipata wapi na katani ulizifumua kutoka wapi. Kuhusu usumba hukusema. Naomba uniruhusu nikisie kwamba uliununua.

Si vibaya kununua, sisi huku tunaishi kwa wanunuzi. Lakini mtu anapouita uzi kwa jina la bibi yake, ni haki ajue uzi huo umepita wapi. Makumbi tunayachimbia pwani, mahali maji yanapojaa na kupwa, tunayafunika na kuyawekea mawe yasichukuliwe, na yanakaa humo miezi mingi mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi zibaki. Siku ya kuyafukua, harufu yake inakaa mikononi hata ukila. Tunayaponda kwa magongo, tunayasuuza, tunayaanika, ndipo tunasokota kwa viganja, nyuzi mbili zikikutana na kuwa kamba. Mama mmoja hasokoti kama mwingine. Nikionyeshwa kamba tano za kijiji changu nitakutajia tatu zimetoka mikononi mwa nani, kwa unene wake na kwa jinsi zilivyokazwa, kama mnavyotambuana nyinyi kwa mwandiko. Kwa hiyo kiti chako tayari kina mtu upande wa kushoto, lakini si bibi yako. Ni mwanamke fulani aliyeuza kamba sokoni bila kuambiwa inakwenda wapi.

Ninapenda unachokifanya, na ndiyo sababu ninasema. Kama bibi yako yu hai, nenda ukakae naye asokote hata dhiraa mbili, na wewe usokote. Kama ametangulia, basi mtafute aliyesokota ulizonazo, umlipe kwa kazi ya sanaa na si kwa bei ya kamba ya kufungia mbuzi, na jina lake liandikwe pale linapoandikwa lako, kama mwenyewe ataridhia.

---

Mfumaji (Kampala) amejibu:

Namuunga mkono Mama wa Makumbi, na mfano wa kwake upo hapa Uganda. Mwaka 2022 nchi yetu ilipata kwa mara ya kwanza banda lake kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, ikiwakilishwa na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda hilo likatunukiwa kutajwa kwa heshima na waamuzi. Kerunen huunganisha mikeka, vikapu na nyuzi za mimea zilizosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi, na kila anapoeleza kazi yake huanza na wanawake hao na ujuzi wao. Ukisimama karibu na kazi hizo unaona wazi pale mkono mmoja unapoishia na mwingine unapoanza, kwa sababu mishono ya kuunganishia haikufichwa.

Nami nafanya kazi na olubugo, nguo ya gome la mutuba, ambayo kwa Waganda huvalishwa maiti na huvaliwa katika sherehe za Kabaka. Nilipoanza nilikuwa nikichora ngoma na mikuki juu yake ili ionekane ya Kiganda. Siku moja nilitazama mahali gome lilipochanika wakati wa kugongwa, fundi akaliziba kwa mshono mdogo wa nyuzi za mgomba, nikaona kwamba ule mshono ulikuwa kitu bora kuliko chote nilichochora. Tangu hapo sichori.

---

Mjukuu wa Manamba (Tanga) amejibu:

Shikamoo mzee wa Lamu, shikamoo Mama wa Makumbi, na asanteni sana nyote. Nimechukua majuma matatu kabla ya kuandika kwa sababu nilitaka kwanza kuyafanya mliyoniambia.

Kiti nimekifumua. Katani sasa ni mtande na usumba ni mshindio, nimeacha kamba ya kukazia nyuma, na baada ya siku kumi na mbili za kukaliwa na watu wa nyumbani kimebonyea katikati kwa kina cha vidole viwili na kukomea hapo. Sikutegemea kwamba rangi zingekutana hivi: katani ni nyeupe kama ndevu, usumba ni wa hudhurungi, na kwa mbali makalio yote yanaonekana kama mchanga wenye maji. Hakuna tena kulia kwa babu na kushoto kwa bibi. Mbao za mgongo nimezishona kwa usumba kama mzee alivyoelekeza, ingawa nilivunja ubao mmoja kwa kutoboa karibu mno na ukingo, na katika mbao tano zilizobaki pamba ya kalafati ipo mahali pawili. Sikuigusa.

Mama, ulikisia kweli. Kamba nilizinunua. Bibi yangu yu hai, ila macho yamepungua nguvu. Nilikwenda Pangani nikampa kamba ya sokoni bila kumwambia lolote, akaipitisha kati ya vidole, akasema imesokotwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kisha akaomba nyuzi. Tulikaa barazani kuanzia alasiri hadi magharibi, yeye akisokota na mimi nikifumua nilichokisokota mwenyewe na kuanza upya, na tukapata kamba ya urefu wa pima moja na nusu, ambayo sehemu yangu inajulikana hata gizani kwa vifundo vyake. Kamba hiyo ndiyo iliyoshona mbao mbili za juu. Zilizobaki zimeshonwa kwa kamba ya yule mwenye haraka, na nimemwomba muuzaji wa sokoni aniunganishe naye.

Majina na maua sikuchonga. Sanamu nimeibadilisha kidogo: zile singa nilikuwa nimeanza kuzikata chini zilingane, na sasa zilizokuwa bado ndefu nimeziachia zilale sakafuni. Babu hakuwahi kuniambia namba yake. Baba anaikumbuka, kwa sababu aliwahi kuishika kadi ya kazi, ile waliyoiita kipande, lakini aliponitajia alisema nisiiandike popote, nami sitaiandika.

Mama wa Makumbi, ninataka kuanza kiti cha pili, kikubwa kuliko hiki, na ninahitaji pima arobaini za kamba ya usumba ya unene wa kidole cha mwisho. Ningependa isokotwe na akina mama watatu au wanne, kila mmoja sehemu yake, bila kulinganishwa. Naomba unieleze makumbi yachimbiwe kwa muda gani ili nyuzi zisiwe ngumu mno wala zisioze, kazi ya namna hiyo mngependa ilipwe kwa siku au kwa pima, na kama kuna msimu ambao hampendi kuifanya.